Tano na Moja: Hesabu Huanzia Vidoleni

Vidole ndivyo daftari la kwanza la hesabu. Huko Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, jambo hili limo ndani ya lugha zenyewe. Katika Kimakonde, Kimakua na Kiyao, sita husemwa tano na moja. Saba ni tano na mbili. Yaani mkono mmoja umejaa, wa pili umeanza.

Mtoto mdogo huweza kuimba moja hadi kumi bila kujua tano ni ngapi. Vidole humsaidia. Kila neno, kidole kimoja. Neno la mwisho ndilo idadi. Akizoea, haanzi tena upya. Hushika tano, kisha huongeza: sita, saba. Baadaye vidole hupumzika, hesabu hubaki kichwani.

Kwa hiyo mtoto anayehesabu kwa vidole asikatazwe, wala asichekwe. Mzazi amwekee korosho saba mkekani. Mtoto aguse moja moja, akihesabu kwa sauti. Kisha aulizwe: ziko ngapi? Aoneshe mkono mzima, na vidole viwili. Aseme kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili.

Vidole si uvivu. Vidole ni mwanzo wa hesabu. Mtoto aachwe ahesabu.