Inchaji Mpya wa Wodi

Barua ya uteuzi huandikwa siku moja. Kujiamini hakuji ndani ya bahasha hiyo. Mchukue muuguzi aliyekuwa akipokezana zamu na wenzake, leo kawa inchaji wa wodi. Jana walikuwa wakiilalamikia rosta pamoja, leo rosta anaipanga yeye. Idi inakaribia, na watu watatu wanataka ruhusa siku ileile. Rafiki yake wa miaka mingi anamvuta pembeni: "Mwenzangu, mimi unanijua. Nifikirie."

Hapo ndipo wengi huteleza. Kuna atakayepandisha sauti ili aonekane bosi. Kuna atakayemkubalia kila mtu, kisha zamu ya usiku ikose watu. Wote wawili wanaogopa jambo moja: wenzao wasije wakagundua kwamba cheo hakiwafai. Na woga huo hauchagui. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake wasomi, waliofanikiwa kazini, ambao bado walijiona kama wanaowadanganya watu.

Mwaka mmoja kabla yao, mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada, alikwisha kueleza kinachojenga imani ya mtu katika uwezo wake. Alitaja mambo manne: kazi aliyoifanya ikafaulu, kumwona mtu wa aina yake akiweza, kutiwa moyo, na hali ya mwili wake, kama moyo kwenda mbio. Lenye nguvu zaidi ni hilo la kwanza. Sifa tupu hazifui dafu mbele yake. Semina za kupigiana makofi, kwa maoni yangu, ndizo hazifui dafu kabisa.

Basi inchaji wetu aanze na hiyo rosta. Awaite wote watatu, afungue daftari waone nani alifanya kazi sikukuu iliyopita, aamue, aibandike ukutani mapema. Asiibadilishe kwa kunong'onezwa. Rafiki atanuna. Anune. Rosta ya pili itakuwa nyepesi.

Na daktari akimuuliza asilolijua wakati wa raundi, aseme: "Sina hakika, nitakuletea jibu kabla ya saa sita." Saa tano na nusu awe ameshalipeleka.

Nawe uliyemteua, rosta ikiwa na kosa, usiifumue mbele ya watu. Mwite ofisini, mwoneshe, airekebishe na kuibandika mwenyewe.