PISHI ILIYOBONYEA: FEDHA ZA MTOTO NA WAZAZI WALIOACHANA



Tumeombwa na wazee wa tawi tuseme machache juu ya jambo ambalo wenzetu waliohamia Uingereza hukutana nalo. Huko Serikali humsaidia mzazi mwenye dhiki kwa fedha za kumlishia mtoto. Lakini wazazi wakiachana hupewa mmoja tu, japokuwa mtoto hukaa siku nne kwa mama na tatu kwa baba.

Mwaka 1945 Serikali ilikusudia kumlipa baba. Bibi Eleanor Rathbone na wenziwe Bungeni wakashikilia apewe mama, ili shilingi ifike chunguni. Walisema kweli. Lakini chungu kilikuwa kimoja. Leo ni viwili.

Sheria yenyewe haimtaji mume wala mke, humtaja mwenye dhamana kubwa ya mtoto. Maneno safi kabisa! Ila wenye siku chache wengi wao ni akina baba, na hasara huwaangukia wao. Ni kama pishi iliyobonyea chini: kwa juu huoni kitu mpaka upime.

Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ilimpa haki baba mmoja asiye na kazi, aliyegawana malezi na mama wa watoto wake, kwani amri ya Ulaya ya 1978 ilikataza ubaguzi katika malipo kama hayo. Lakini tarehe 16 Mei 2012 Mahakama ya Juu ilimkatalia baba mwingine, mwenye siku tatu kwa juma, aliyedai sehemu ya nafuu ya kodi ya watoto. Amri ile haikuifikia nafuu hiyo. Majaji, Bi Hale akitoa hukumu, walikiri kwamba kanuni huwaumiza wanaume zaidi. Kisha wakaihalalisha, ati ni heri nyumba moja itoshelezwe, na kugawa kuna taabu.

Taabu gani? Sisi wenye maduka twagawa kibaba nusu na robo kila siku, na daftari halijakataa. Mtoto alalaye kwa baba hali mchele wa mama usiku ule.

Nafuu ile ilikoma Aprili 2025, lakini malipo yaliyoshika mahali pake yangali ya mzazi mmoja. Hatusemi mama anyang'anywe, naye mara nyingi hana cha kuzidi. Twataka siku tatu za baba zihesabiwe, na fungu la mama likipungua Serikali iongeze. Katibu ataandika maoni yenu, wapelekewe wenzetu walioko huko.