Gari na Njia Yake

Msikilizaji, ukisimama kwenye yadi ya magari ya mtumba kutoka Japani, iwe Dar es Salaam au Mombasa, utamsikia mnunuzi akiulizia rangi, rimu na taa. Gari litapita njia gani na litabeba nini ni swali linalokuja baadaye, pengine ushuru ukiwa umeshalipwa. Naamini hapo ndipo fedha zetu nyingi zinapopotelea. Bodi inayong'aa anaifaidi aliye kando ya barabara. Mwenye gari yeye anaishi na kiti, usukani, breki na springi, kila siku, kwa miaka.

Litazame Toyota Probox, lililoingia sokoni Japani mwaka 2002. Lilitengenezwa kwa ajili ya kampuni na watu wa mauzo, na umbo lake ni la sanduku. Lakini kwa sababu ya usanduku huo sakafu ya nyuma ni tambarare, mlango wa nyuma ni mpana, na watu wawili wanaweza kukaa mbele huku nyuma kukiwa na mzigo wa kilo 400. Hata kwenye dashibodi waliweka kimeza cha kuvuta, mtu wa mauzo apate pa kuandikia hesabu zake. Injini zake za lita 1.3 na 1.5 zina ndugu zake ndani ya Toyota IST na Vitz, kwa hiyo spea zipo na mafundi wanazijua. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Kenya waling'ang'ania gari ambalo hakuna aliyelisifia sura. Kulishindilia abiria kumi ni jambo jingine kabisa, na ni hatari, maana breki zake hazikuundwa kwa uzito huo.

Sasa chukua mwenye gari dogo anayeng'oa tairi zake za kawaida na kufunga rimu kubwa. Ili tairi lienee, ubavu wake lazima uwe mwembamba, na ubavu ule ndio uliokuwa ukimeza mashimo. Sasa kishindo kinapiga rimu, shokapu na mgongo wa dereva. Kosa hili la kutolinganisha gari na njia lina upande wake wa pili. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, ina springi za nyuma za vipande vya chuma vilivyolaliana, zinazostahimili mizigo na njia mbovu za vijijini. Anayeinunua ili aende ofisini Posta na kurudi Mikocheni, humohumo Dar es Salaam, analipia mafuta ya kusukuma uzito asiouhitaji, na gari tupu lenye springi ngumu humrusharusha.

Wapo wanaosema gari ni heshima, na kwamba mteja humpima mkandarasi kwa gari analoshuka. Siwapingi moja kwa moja. Kwa anayebeba maharusi, sura ndiyo kazi yenyewe. Lakini mkandarasi akikwama njiani na saruji ya mteja, heshima ile haimfikishi. Wengine husema raha ya kuendesha ni anasa ya matajiri. Hapa nakataa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kiti kinachouma mgongo, usukani unaotangatanga na taa hafifu humchosha dereva, na dereva aliyechoka hukanyaga breki akiwa amechelewa. Watakaoumia ni watu walio ndani ya gari na wale wanaovuka barabara.

Tatizo la kweli ni kwamba wengi wetu huagiza gari kwa kutazama picha kwenye intaneti, bila kuligusa. Basi kabla ya kutuma fedha, mtafute jirani au dereva wa teksi mwenye gari la aina hiyohiyo, umwombe ulijaribu. Lipakie watu na mizigo unayobeba kweli, upite njia unayopita kweli, ukae kwenye kile kiti walau saa nzima. Ukiweza, lijaribu tena usiku.