Tezi dume: ni lini mzee anahitaji kupasuliwa?

(MUZIKI WA KUFUNGUA, UNASHUKA POLEPOLE)

Karibu katika mazungumzo yetu ya afya kutoka hapa Kampala. Leo nazungumza na wazee wetu walioko Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, na walio hapa mjini. Kina mama, msizime redio. Mara nyingi ninyi ndio mnaojua kwamba baba anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa, na mwenyewe hasemi.

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanamume akivuka miaka 50, mara nyingi tezi hiyo hukua na kuibana njia. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka kidogo kidogo, na ukimaliza unahisi bado upo. Kukua huku si saratani. Lakini saratani ya tezi dume inaweza kuwa na dalili kama hizo, kwa hiyo nenda ukapimwe. Usijiambie kwamba ni uzee tu.

Je, kila mwenye tezi kubwa anapasuliwa? Hapana. Wapo wenye tezi kubwa wanaokojoa vizuri, na wapo wenye tezi ndogo waliozibwa. Wengi huanza na dawa. Tamsulosini hulegeza misuli ili mkojo upite. Finasteridi hupunguza tezi polepole, kwa miezi mingi, kwa hiyo usiache baada ya wiki mbili.

Upasuaji unahitajika lini? Hesabu nami kwa vidole.

Kwanza, mkojo umeziba, umewekewa mpira, na kila ukitolewa bado hukojoi.

Pili, figo zimeanza kuumia kwa sababu mkojo hautoki vizuri.

Tatu, mawe yameota ndani ya kibofu.

Nne, maambukizi ya mkojo yanatibiwa na kurudi, yanatibiwa na kurudi.

Tano, tezi inatoa damu kwenye mkojo tena na tena.

Sita, dawa hazikusaidia na taabu imezidi. Hapa daktari anashauri, lakini mzee mwenyewe ndiye anayeamua.

(MUZIKI MFUPI)

Tuseme yuko mzee aliyekaa na mpira wa mkojo miezi minane. Ameambiwa apasuliwe, naye kila mara anasema, "Tungoje kidogo." Haogopi kisu. Anaogopa kwamba hatakuwa mwanamume tena.

Baba, tuseme ukweli. Wanaume wengi hubaki na nguvu zao baada ya upasuaji huu, ingawa wachache hupata shida. Kinachobadilika mara nyingi ni kwamba mbegu hazitoki nje. Zinaingia kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Kama bado unataka mtoto, mwambie daktari kabla hujatia sahihi. Na mpira ukikaa muda mrefu, nao una hatari yake: unaleta maambukizi.

Upasuaji unaweza kufanywa kwa chombo kinachopita katika njia ya mkojo, bila kuchana tumbo. Tezi ikiwa kubwa sana, au chombo hicho hakipo, daktari hufungua chini ya tumbo. Baadaye utakaa na mpira siku chache, na kuona damu kidogo kwenye mkojo si ajabu.

Anzia kituo cha afya cha kambini na uombe barua ya rufaa. Mbarara na Hoima kuna hospitali za rufaa za mikoa, na Kampala kuna Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi na dawa zote unazotumia. Nenda na mtu anayejua lugha ya pale, mtu usiyemwonea haya.

Neno la mwisho. Mkojo ukigoma kabisa, na tumbo la chini likajaa na kuuma, usingoje asubuhi. Usinywe maji mengi ukidhani yatausukuma, wala dawa za mizizi. Nenda kituoni saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Wazee wetu, tuliyoyapita njiani yalikuwa makubwa kuliko haya. Msife kwa aibu. Kwaherini.

(MUZIKI WA KUFUNGA)