Bei ya Gari Japani Si Bei ya Gari Mgwashi

Msikilizaji wa Mgwashi, bei ya gari la michezo unayoiona Japani ni mwanzo tu wa hesabu. Chukua gari lililotumika, injini yake inazidi CC 2,000 na umri umepita miaka 10, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ikalithamini kwa shilingi milioni 10, nauli ya meli na bima zikiwemo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Juu ya jumla ya thamani na ushuru huo, milioni 12.5, huja ushuru wa bidhaa asilimia 10 na wa uchakavu asilimia 30, yaani milioni 5. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote: milioni 3.15. Kodi zimefika milioni 10.65, kabla ya tozo ya reli, wakala wa forodha na gharama za bandari.

Wapo watakaosema kuagiza bado ni nafuu kuliko kununua kwenye yadi za Dar es Salaam. Huenda, lakini bei ya yadi imeshabeba kodi, basi linganisha jumla kwa jumla. Wengine watasema gari la miaka ya karibuni ni ghali. Kweli, ila halitozwi ule ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Na kumbuka, gari la michezo lililo chini litakwaruza tumbo kwenye makorongo ya masika. Kabla ya kutuma fedha, pitia kikokotoo cha TRA.