Msafiri Mbele ya Kaisari



Mada niliyopewa ni namna ya kupeleka taarifa kwa wenye mamlaka. Naomba niianze na kitabu ambacho hakikuandikwa kwa ajili ya sakristia. Mwaka 1972 mwandishi wa Italia, Italo Calvino, alitoa kitabu ambacho kwa lugha yetu tungekiita “Miji Isiyoonekana”. Ndani yake Marco Polo, msafiri kutoka Venice, anaketi mbele ya Kublai Khan, kaisari wa Wamongolia aliyeitawala China, na kumsimulia habari za miji 55. Kila mji una jina la mwanamke, na yote imebuniwa. Kaisari ana himaya asiyoweza kuizunguka. Anahisi kwamba inaoza, ilhali taarifa rasmi humletea habari za ushindi.

Jambo hili lina mzizi katika historia. Marco Polo mwenyewe aliondoka Venice mwaka 1271, akarudi 1295. Kisha, akiwa mfungwa huko Genoa, alimsimulia safari zake mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa. Kitabu kile chasema kwamba Khan alichoshwa na wajumbe waliorudi na majibu ya shughuli waliyotumwa tu, wasijue kueleza watu wa huko wanaishije. Kijana yule alilitambua hilo, akawa anatazama na kukumbuka.

Lakini huyo huyo alieleza pia habari za kisiwa alichokiita Zanghibar, kwamba mzunguko wake ni maili 2,000 hivi, na watu wake akawachora kama viumbe wa kutisha. Hakufika huko, alisikia tu. Kisiwa cha Unguja urefu wake haufiki hata kilomita 100, na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, miaka mingi kabla msafiri wetu hajazaliwa. Basi mjumbe anayeanza taarifa yake kwa “nasikia” na akumbuke jinsi wazee wa pwani walivyogeuzwa vitisho na mtu ambaye hakuwaona.

Kwa nini basi kumsimulia mtawala miji ya kubuni? Wapendwa, someni tena Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Nabii Nathani hakumwanzia Daudi kwa kumtaja Uria. Alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi na maskini mwenye kondoo mmoja. Mfalme akakasirika, akatoa hukumu, kabla hajajua kwamba amejihukumu mwenyewe. Shutuma huzuiwa na walinzi mlangoni, hadithi hupita. Ndivyo ulivyo mji wa Leonia katika kitabu cha Calvino: watu wake hutupa kila siku vitu vya jana ili wapate vipya, na milima ya taka inazidi kuwazingira. Hakuna aliyetajwa, lakini kila mmoja anatazama jaa lake.

Mji ninaotaka tukae nao zaidi ni Berenice, nao ni katika miji ya mwisho kusimuliwa. Ni mji wa dhuluma. Ndani yake umejificha mji mwingine, wa wenye haki, wanaotambuana kwa siri na kuishi kwa kiasi. Hapo wengi wetu tungefunga hadithi na kupiga makofi. Msafiri anaendelea. Ndani ya mji wa wenye haki, asema, imefichika mbegu mbaya: kiburi cha kujua kwamba wao ndio walio katika haki, na uchungu unaowafanya watamani kulipiza kisasi, tena kukalia viti vya wale waliowadhulumu.

Haya hayahitaji kusafiri hadi China. Mjumbe alianza kwa kumtetea mjane aliyenyang’anywa shamba. Baada ya miaka mitatu hakuna shauri la ardhi linaloamuliwa bila yeye kuonwa kwanza. Kamati iliyodai mahesabu ya kijiji haisomi mahesabu yake yenyewe mbele ya waamini. Mtakatifu Augustino, akiandika baada ya Roma kutekwa mwaka 410, alifundisha kwamba mji wa Mungu na mji wa dunia umechanganyikana hadi siku ya hukumu. Mimi nasema mchanganyiko huo umo hata katika ofisi ya parokia.

Mwishoni kaisari anahofu kwamba safari yote inaishia jehanamu. Msafiri anamjibu kwamba jehanamu, kama ipo, ni hii tunayoijenga kwa kuishi pamoja, na kwamba wapo watu ndani yake wasio sehemu yake. Hao watafutwe, wapewe nafasi, wadumu.

Kwa hiyo, katika taarifa ya robo mwaka, kila kigango kiongeze sehemu mbili. Kwanza, mjumbe aandike aliyoyaona mwenyewe, akitaja mahali na siku. Pili, aeleze ni nani katika eneo lile tayari anatenda haki, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, na anahitaji nini ili asichoke. Taarifa hiyo isomwe kwanza katika jumuiya, mbele ya wale inaowahusu, ndipo iletwe parokiani.