Namba ya OB Iko Wapi?

Msikilizaji, tangazo la polisi la msako ushalisikia, na hakuna anayelipinga. Wanaokata watu mapanga Kisauni na wakamatwe. Kinachotutia wasiwasi sisi ni lile neno lisilokosa kufuatia: eti vijana wa rap wanauchochea umma dhidi ya polisi.

Wanachochea nini? Wasikilizeni vijana wa Mishomoroni, Chaani na Timbwani. Wanataja saa. Wanataja gari lisilo na namba. Wanamtaja kijana wa kanzu na kofia aliyechukuliwa akitoka msikitini, na mamake, leso kiunoni, kaegemea kaunta ya kituo cha polisi, anaambiwa: "Hapa hayuko, mama, jaribu kituo kingine." Namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo? Hakupewa.

Tumesema na tunarudia: kisichoandikwa kwenye OB kitarekodiwa studio.

Wala si jambo la leo. Wana-rap wa Ukoo Flani walianzia papa hapa Mombasa, wakaungana na wenzao wa Dandora, na mwaka 2004 ikatoka albamu ya Kilio cha Haki. Kilio ni kilekile. Huko Marekani, mwaka 1989, FBI iliiandikia barua kampuni ya rekodi ya kundi la rap la N.W.A kulalamikia wimbo wao kuhusu polisi. Barua ile ikawa tangazo la bure. Wimbo ukazidi kusikika.

Tarehe 27 Machi 2020, jioni ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakikimbilia feri warudi makwao Likoni walichapwa virungu na kurushiwa vitoa machozi. Nani aliandikisha? OB iko wapi?

Likifuatiliwa, jambo hufika. Agosti 2014, kule Kinango, binti wa miaka 14 alipigwa risasi na polisi nyumbani kwao. Polisi wakasema aliwatishia kwa panga. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, ikachunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikawafunga maafisa wawili miaka saba. Kesi ngapi nyingine hazikufika popote kwa sababu hazikuandikwa?

Basi wakubwa wa usalama, iacheni maikrofoni, shikeni kalamu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hakikusema azungushwe vituo.

Mzazi, usiondoke kaunta bila namba ya OB. Ukinyimwa, IPOA wana ofisi papa hapa mjini: nenda. Nenda na jirani, nenda na imamu, nenda na mchungaji, lakini usinyamaze.

Nanyi vijana, imbeni! Msitie chumvi, msimsingizie mtu. Tajeni saa, tajeni mahali, tajeni kweli tupu. Imbeni Likoni, imbeni Changamwe, imbeni Kisauni, mpaka OB iandikwe!